Risala ya Wahudumu wa Afya wa Vijijini kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Kupanua Tiba Mtandao

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi wa idara ya afya,
Madaktari wa hospitali za rufaa,
Wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi na kuitikia mwaliko wetu wa kufunga mafunzo haya ya tiba mtandao. Kwa kuwa wewe ndiye utakayelifikisha neno letu kwa wenye maamuzi, tunaomba utuvumilie tuseme jambo moja kwa kirefu: tiba mtandao kijijini inategemea mhudumu aliye na mgonjwa upande huu, na daktari anayepokea simu upande wa pili. Vifaa vije baada ya hao wawili.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tuanze na kazi yenyewe. Mama anafika zahanati na mtoto wa miezi minane anayekohoa. Muuguzi anampigia daktari wa watoto kwa video. Mtandao ukiwa dhaifu picha inaganda, na kifua cha mtoto hakionekani kikipanda wala kikishuka. Hapo muuguzi anazima video na kubakiza sauti. Anamfunua mtoto kifua akiwa ametulia mapajani mwa mama yake, anahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kukatisha. Zikifika 50 au zaidi, kwa umri huo ni pumzi za haraka, dalili mojawapo ya nimonia. Anatazama kama kifua kinabonyea kwa ndani, anauliza kama mtoto ananyonya, kisha anamweleza daktari alichokiona. Daktari anaamua kama mtoto aanze dawa hapo hapo au apelekwe hospitali. Muuguzi asipofundishwa kuhesabu na kutazama, hata simu ya gharama kubwa haitamsaidia mtoto yule.

Ipo pia njia isiyohitaji daktari awe hewani muda ule ule. Kwa kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, mhudumu anapiga picha kwenye mwanga wa mchana: moja ya mguu mzima, nyingine ya karibu yenye rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Anaandika maelezo, anatuma mtandao unaporudi, na bingwa anajibu baadaye. Tunasikitika kuona njia hii ikiachwa nyuma kwenye mipango mingi kwa sababu haina mvuto wa video, ilhali ndiyo inayoendana na mtandao tulio nao.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazo la kumhudumia mgonjwa kwa ushauri wa daktari aliye mbali lina umri mrefu. Huduma ya madaktari wanaowafikia wagonjwa kwa ndege ilipoanza nchini Australia mwaka 1928, familia za mbali hazikuwa na njia ya kumwita daktari, hadi Alfred Traeger alipotengeneza redio inayopata umeme kwa kukanyaga pedali. Baadaye, mwaka 1942, likaja sanduku la dawa zilizopewa namba. Daktari alitaja namba redioni, na mtu asiyejua jina la dawa aliweza kuitoa. Sanduku hilo linatugusa sana. Ushauri wa bingwa unapofika zahanati isiyo na dawa aliyoitaja, mgonjwa anarudi nyumbani kama alivyokuja.

Mfano wa pili unatoka New Mexico, Marekani, ambako daktari Sanjeev Arora alianzisha mradi wa ECHO mwaka 2003. Mabingwa walikutana mara kwa mara kwa video na watabibu wa vijijini na magerezani, wakajadili wagonjwa wa homa ya ini aina ya C mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa asilimia 58.2 ya wagonjwa waliotibiwa na watabibu hao walipona, na asilimia 57.5 kwenye kliniki ya chuo kikuu. Mgonjwa alitibiwa karibu na kwao, na ujuzi ukabaki pale pale.

Changamoto tunazijua sote. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilikadiria mwaka 2024 kuwa asilimia 83 ya watu wa mijini duniani wanatumia intaneti, vijijini asilimia 48. Watu karibu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini wanategemea vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa. Bila umeme hatuchaji hata simu.

Lakini kinachotuumiza zaidi ni simu isiyopokelewa. Bingwa yuko wodini, hakuna aliyepangiwa zamu ya kutujibu, na mgonjwa amekaa mbele yetu anatutazama. Kwa hiyo ombi letu la kwanza, na tukipewa moja tu tutachagua hili, ni zamu rasmi ya tiba mtandao katika kila hospitali ya rufaa, daktari wake akihesabiwa kuwa yuko kazini. Tunaomba pia majibu ya rufaa yaturudie, ili tujue mgonjwa tuliyempeleka alikutwa na nini.

Tunaomba umeme wa jua wenye betri za kutosha pamoja na fundi wa kuzitunza, na bando lilipwe na kituo. Tunaomba simu za ofisi, kwa maana picha za wagonjwa hazipaswi kukaa kwenye simu zetu binafsi, na chumba chenye mlango unaofungwa, ambamo mwanamke ataweza kumweleza daktari tatizo lake bila foleni nzima kusikia.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema katika mwongozo wake kwamba teknolojia hizi haziwezi kuchukua nafasi ya mfumo wa afya unaofanya kazi. Tunakuomba ulibebe hilo kila bajeti ya vifaa itakapoletwa mezani, na uulize nani atapokea simu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.