Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: turudishieni mafaili ya mipaka yetu

Mheshimiwa Waziri,

Watu wa jimbo letu la Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, wakigombania mpaka wa kolektivite (eneo la utemi au sekta), kila upande huapa kwamba uliwekwa na mababu. Mara nyingi uliwekwa na administreta Mbelgiji.

Mwaka 1917 Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na utemi uliotambuliwa zaidi ya 6,000. Mwaka 1938 ulibaki kama 1,200. Machifu wadogo waliwekwa chini ya jirani zao, na amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaruhusu vikundi vilivyoonekana vidogo mno vikusanywe katika sekta. Nani alipoteza kiti, kwa hoja gani, mto upi ukafanywa mpaka: yote yaliandikwa. Administreta alifanya uchunguzi, akahoji wazee, akachora ramani.

Mwaka huohuo wa 1933 majimbo yaliongezwa kutoka manne hadi sita, na Kivu ikatengwa na jimbo la Orientale. Habari za majimbo tunazijua, hata yale 26 ya mwaka 2015. Ila jimbo halimnyimi mtu shamba. Sekta na utemi ndivyo vinavyogusa ardhi na kodi ya soko, hasa tangu sheria ya mwaka 2008 ivipe haki ya kujitawala na bajeti yake.

Mafaili mengi ya utawala wa Wabelgiji yako Brussels. Wakati wa uhuru yalipakiwa, yakaenda. Nasi tunabaki kubishana kwa kumbukumbu, na anayepiga kelele zaidi ndiye mwenye historia. Mfano ni komini (manispaa) ya Minembwe, huko Fizi: ilizinduliwa Septemba 2020, Oktoba ikasimamishwa na Rais mwenyewe, na ugomvi juu ya ardhi ile ulikuwepo kabla na umebaki baada yake.

Sisemi karatasi za mkoloni ni msahafu. Administreta aliandika alichoelezwa na mkalimani, na mkalimani naye alikuwa na shemeji zake. Lakini tukiziona, walau tutajua uongo ulianzia wapi.

Kwa hiyo naomba: kabla hujatia sahihi komini au sekta nyingine mpya, wizara yako idai nakala kutoka Ubelgiji, iziweke katika ofisi ya kila teritwari (wilaya), zikiwa na tafsiri ya Kiswahili, na mwananchi azisome bila kuomba ruhusa ya chifu. Anza na Uvira, Fizi na Mwenga.

Mwananchi wa Uvira