Salma, nishauri kuhusu huyu Herod Sayle

Shoga yangu Salma,

Hujambo? Wazima hapo Kibokoni? Salamu ndefu utapewa na mama. Usininunie kwa kimya changu, maneno yako Bi Rukia ameshanifikishia yote, na chumvi yake juu.

Kilichonishikisha kalamu ni kitabu. Hapa Birmingham nawasomesha watoto wa miaka 11 Stormbreaker cha Anthony Horowitz, cha mwaka 2000. Alex Rider, kijana wa miaka 14, afiwa na ami yake aliyemlea, kumbe marehemu alikuwa jasusi wa MI6, idara ya ujasusi ya Uingereza. Wakubwa wamlazimisha kushika kazi: akikataa, yaya wake Mmarekani atanyang'anywa viza. Viza, Salma! Hata hadithini zinatuandama. Watoto wanapenda vifaa vya kijasusi anavyopewa Alex, hasa ile krimu ya chunusi inayoyeyusha chuma. Game Boy, ile mashine ya zamani ya kuchezea michezo mkononi, ilibidi niwaeleze ni dude gani, nikajiona bibi kizee.

Sasa huyo adui, Sayle. Katokea Mashariki ya Kati, matajiri wakamleta shule Uingereza, wenzake wakamcheka na kumtesa, na mmoja wao akaja kuwa waziri mkuu. Ndipo Sayle alipojitia kugawia shule kompyuta za bure, kumbe ndani mna ndui. Mtoto mmoja wa Kisomali akaniuliza, "Mwalimu, wao ndio walioanza. Mbona mbaya ni yeye tu?" Darasa likachafuka. Mwenzake akamjibu kuwa kuchekwa si ruhusa ya kuua watoto wa watu. Naye pia kweli, au sivyo?

Nikajaribu kuwageuzia kwenye ndui yenyewe: mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa kiasili alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, naye akapona. Mwaka 1978, hapa hapa Birmingham, ikamuua mpiga picha wa chuo cha udaktari aliyefanya kazi juu ya maabara ya virusi. Yule yule akaruka: "Kwa hiyo kwetu iliisha, kwenu ikatoroka?" Kwenu! Yeye kazaliwa hapa, mimi ndiye mgeni!

Lakini swali lake la kwanza bado linanikera. Mkuu wangu ataka tumalize sura tuende zetu, na mimi nataka kumpandisha Sayle kizimbani, kama zile kesi za kuigiza unazofanya na wanafunzi wako darasani.

Wewe hakimu ulimweka nani, mtoto au wewe mwenyewe? Wale waliomtesa nao waitwe? Ukimpa utetezi mzuri, hawatatoka wakimshangilia? Na Juma kaoa kweli, au ni Bi Rukia tu?

Nijibu kabla ya Jumatatu.

Wako,
Mwanaisha