Barua kwa Swahiba Kuhusu Sheli ya Mombo

Mombo, Korogwe

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko New Jersey, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku tu wazima na mvua za vuli zimetunyea vizuri. Hofu ni kwako tu na hiyo baridi yenu. Barua yako nimeipata. Unasema kwamba huko unakoishi sheria ya tangu 1949 inamkataza mteja kujitilia mafuta mwenyewe, hivyo wewe hukaa ndani ya gari huku kijana akikujazia tangi, na kwamba kila ukikaa hivyo huikumbuka sheli yetu ya njia panda ya Lushoto. Umeniuliza kama bado ipo na kama bado wanahudumia kama zamani. Ipo, na mafuta bado unatiliwa, lakini huduma ile unayoikumbuka wewe imekwisha, tena imekwisha kwa sababu ambazo nadhani hujazifikiria.

Kilichoifanya sheli ile iwe vile ilivyokuwa ni mlima. Unajua kwamba hapa ndipo barabara inapouacha uwanda wa mkonge na kuanza kupanda Usambara kwa kona kupitia Soni hadi Lushoto, mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Magari ya wakati wetu, yaani zile Peugeot 404, Land Rover za mashamba, Bedford za mizigo na Volkswagen za mapadri, yalipanda kwa gia ndogo huku rejeta ikichemka, na yaliyoshuka yalifika hapa chini breki zikinuka. Dereva mwenye akili hakupita bila kusimama, hata kama tangi lake lilikuwa limejaa. Ndiyo maana mafuta yalikuwa sehemu ndogo tu ya kazi tuliyoifanya pale wakati wa likizo, mimi na wewe, kwa malipo ya soda na senti chache.

Yule mzee aliyetufundisha sitamtaja jina, kwa kuwa wajukuu zake wapo na hawapendi kusemwa. Unakumbuka alivyolipokea gari linalochemka? Hakuligusa. Alimwambia dereva aiache injini iendelee kuzunguka taratibu, akafungua boneti, akasimama kando akisikiliza. Baadaye alilikunja lile tambara lake mara nne, akalifunika juu ya mfuniko wa rejeta, akauzungusha robo tu na kurudi nyuma huku mkono ukiwa umenyooka, mvuke ukatoka kwa kishindo. Maji aliyamimina kidogo kidogo, maana maji baridi yakiingia ghafla katika injini ya moto hupasua silinda hedi, na kwa lori lililotoka Lushoto na kabichi hiyo ilikuwa hasara ya msimu mzima. Vivyo hivyo alitukataza kumwagia maji breki zilizopata moto, hata dereva mwenyewe akituamuru. Akimaliza maji alikichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa mara ya pili na kukipeleka dirishani, ili mwenye gari aone kwa macho yake kabla ya kuambiwa neno lolote la kununua. Ninavyoona mimi, kitendo hicho cha kukipeleka kijiti dirishani ndicho kilichowafanya watu wa Lushoto wamwamini kuliko mafundi wengi wenye gereji, kwa sababu hakumwuzia mtu oili ambayo gari halikuihitaji, na aliyehitaji alimwagiwa kutoka kwenye lile kopo la bati lenye mdomo mrefu.

Mengine yalikuwa yetu sisi vijana: kupima upepo wa tairi, kuongeza maji ya betri, na kusugua kioo cha mbele kwa gazeti lililoloweshwa hadi wadudu wote watoke.

Halafu kulikuwa na pampu ya mkono ya mafuta ya taa, pale pembeni, ambayo nadhani ndiyo iliyoifanya sheli iwe ya mji mzima na si ya wenye magari peke yao. Jioni watoto walijipanga na chupa zao, wengine wa nusu lita, wengine wa robo, na mama wa mgahawa akaja na debe lake zima. Mzee alisukuma ule mkono wa pampu mbele na nyuma kwa makini, faneli ikiwa imeshikwa na mtoto mwenyewe, na mtoto aliyemwaga alikaripiwa lakini chupa yake ilijazwa tena hadi kipimo. Siku hizi watoto hawaji. Umeme umefika nyumba nyingi, na taa za jua zimeenea, lakini lililoiua biashara ile moja kwa moja ni uchakachuaji: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa katika dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo, hadi mwaka 2011 Serikali ilipoipandisha sana kodi hiyo ili kusiwe na faida ya kuchanganya. Mchezo ulipungua, lakini aliyetegemea koroboi alilipia dhambi ya watu wengine, na jambo hilo bado linaniudhi.

Sitaki hata hivyo uikumbuke sheli kama pepo. Umesahau miaka ile baada ya Oktoba 1973, bei ya mafuta duniani ilipopanda takriban mara nne katika miezi michache? Ilifika wakati magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali, na wageni waliokwenda Lushoto kupunga hewa walishuka mlima mbio kuiwahi saa. Kisha ikaja vita ya Kagera, na baada yake uhaba uliowafanya madereva walale kwenye foleni. Wakati huo muuza mafuta yeyote aligeuka bwana mkubwa, akaamkiwa na watu waliomzidi umri, na si wote waliokuwa na moyo wa mzee wetu. Ziko sheli ambazo mafuta yaliisha kwa wenye foleni na kubaki kwa wenye bahasha. Isitoshe, sisi wenyewe tulikuwa tukiyanyonya mafuta kwa mpira kwa mdomo, petroli ile ya zamani yenye madini ya risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwishoni mwa 2005. Nikifikiri tulichokivuta vifuani mwetu, namshukuru Mungu kwamba bado tunaandikiana.

Sasa nirudi kwenye swali lako. Wewe unasema vijana wa leo ni wavivu, hawafungui boneti. Mimi sikubaliani nawe. Huyo kijana wa New Jersey hafungui boneti kwa sababu gari lako halimhitaji. Maji ya rejeta yamefungiwa ndani na hayapungui kwa miezi, betri haifunguliki, tairi hazina tena mpira wa ndani, oili hudumu kwa maelfu ya kilomita, na kabureta tuliyokuwa tukiipuliza kwa mdomo imebadilishwa na mfumo unaoendeshwa na kompyuta. Huduma ile ilizaliwa na udhaifu wa magari, na magari yalipopona, mhudumu akabaki na kazi moja ya kushika bomba. Sheria ya huko imemlinda mtu asiondolewe kwenye pampu. Ule uangalifu haukuwa na wa kuulinda. Hapa kwetu hakuna aliyemwondoa mtu, lakini matokeo ni yale yale: binti aliyevaa fulana ya kampuni anauliza ni ya shilingi ngapi, anakuonyesha kuwa pampu imeanzia sifuri, anakupa risiti ya mashine, na gari la nyuma linapiga honi.

Nakiri pia kwamba leo naibiwa kidogo kuliko zamani. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya Serikali inayodhibiti nishati na maji, kila mwezi na kubandikwa barabarani, na kipimo kinakaguliwa. Mzee wetu hakuwa na mkaguzi, alikuwa na jina lake tu, na bahati yetu ni kwamba jina hilo lilikuwa zuri.

Jengo lenyewe limevunjwa, pamejengwa paa refu lenye taa nyeupe na duka la vitafunio. Zile nembo tulizozichora kwenye madaftari, yule mbwa mweusi wa Agip mwenye miguu sita anayetema moto na nyota ya Caltex, watoto wangu hawazijui. Pampu ya mkono niliikuta kwa muuza vyuma chakavu, lakini alitaka bei ya mwendawazimu nikamwachia.

Ombi langu ni hili. Ile 404 ya marehemu baba bado iko bandani, na fundi mmoja wa Korogwe ameifufua injini yake, ila mfuniko wa rejeta umechoka na kila nikijaribu kupanda hata nusu ya njia ya Soni maji yanaruka. Vipuri hivyo hapa havipatikani tena. Kama huko kuna wauzaji wa vipuri vya magari ya kale, niulizie mfuniko pamoja na mpira wake, unitajie bei, nami nitakutumia fedha kupitia kwa mpwa wako aliyeko Tanga. Ukija Juni tutapanda nayo hadi Lushoto, na maji ya kuongeza nitayabeba mwenyewe kwenye dumu.

Msalimie sana shemeji.

Wako swahiba wa tangu utoto,
Mombo