Hitisinki mpya, joto juu: kabla hujasema tumekupiga

Lalamiko ni lilelile. Mteja ananunua hitisinki kwetu, kile chuma chenye feni kinachopoza prosesa (ubongo wa kompyuta), anakwenda kuifunga mwenyewe nyumbani, kisha anarudi na boksi mkononi: prosesa inachemka kuliko ilivyokuwa na ile ya zamani, basi tumemuuzia feki. Juzi kaka mmoja alitusema mbele ya wateja wengine, sauti juu. Tukamwomba alete kompyuta yenyewe. Kufungua tu, nailoni ya kiwandani bado imebandikwa chini ya hitisinki, na maandishi yake mekundu ya kukutaka uitoe kabla ya kufunga.

Hitisinki ni shaba na alumini. Ukiacha feni, haina mengi ya kuharibika. Ndiyo maana swali letu la kwanza si umeinunua wapi, ni joto linapandaje. Fungua programu ya kupima joto, HWMonitor au Core Temp, ipe prosesa kazi nzito, uangalie namba. Zikiruka kutoka nyuzi 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, hitisinki haijagusana vizuri na prosesa. Zikipanda polepole kwa dakika kumi na zaidi, tatizo ni hewa: vumbi, kompyuta iliyosukumwa ukutani, au feni isiyozunguka kwa sababu waya wake haukuchomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) penye maandishi CPU_FAN. Na tafadhali, Dar es Salaam ya Januari chumba chenyewe kina nyuzi 31 au 32. Hakuna hitisinki ya feni itakayoshuka chini ya hapo, kwa hiyo 45 mashine ikiwa imepumzika si ugonjwa. Wenye prosesa za AMD Ryzen 7000 nao watulie: AMD wenyewe walizitengeneza zifike 95 zikiwa kwenye mzigo mzito.

Kwenye prosesa za Intel, lawama nyingi huishia kwenye miguu minne ya plastiki. Watu wanabonyeza miwili ya upande mmoja, halafu wanahangaika na mingine. Bonyeza kwa mshazari mpaka kila mguu ulie, kisha geuza mazabodi utazame nyuma: ncha zote nne ziwe zimetokeza sawasawa. Mmoja ukiwa umening'inia, umepoteza kazi yote. Zile za skrubu nazo, zungusha kidogo huku, kidogo kule, kwa mshazari vilevile. Usimalize moja ndipo uhamie nyingine.

Halafu kuna soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi. Intel walipoleta LGA1700 mwaka 2021, matundu ya mazabodi yalihama kutoka milimita 75 hadi 78, na prosesa inakaa chini kidogo kuliko zamani. Hitisinki ya LGA1200, soketi iliyotangulia, inahitaji vyuma vyake vya kuigeuza ikae kwenye hiyo mpya. Kijana mmoja aliona vyuma hivyo ni ghali, akatanua matundu ya fremu ya plastiki kwa bisibisi ya moto. Iliingia, tena ikakaa vizuri kwa macho. Lakini haikukandamiza chochote, na kompyuta ikawa inajizima kila akianza kurenda video. Mwishowe alinunua vyuma vilevile, na fremu mpya juu yake.

Pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite, ndiyo kichekesho chetu. Ya zamani ifutwe yote kwa spiriti, pande zote mbili, kisha uweke mpya kiasi cha punje ya choroko katikati. Dawa ya meno, ambayo sijui nani aliieneza, hupoza siku chache, maji yake yakikauka inabaki ganda. Tumeshakwangua maganda hayo mara nyingi, na yananukia minti mpaka leo.

Mwenye AMD ya soketi ya AM4 asikilize zaidi. Pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti ikikauka hushika kama gundi. Ukivuta hitisinki juu kwa nguvu, prosesa inang'oka nayo soketi ikiwa imefungwa, pini zinapinda. Washa mashine kwanza ipate joto, izime, chomoa umeme, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia taratibu ndipo uinue. Dada mmoja aliyetaka kuokoa hela ya ufundi alituletea Ryzen 5 yenye pini mbili zilizokatika. Alinunua prosesa nyingine.

Wengine wanadanganywa na namba 65 kwenye boksi la prosesa. Core i7-12700 ni wati 65 kwa msingi, lakini ikikaza mwendo Intel wanairuhusu hadi 180. Hitisinki ndogo ya bei ya chini hapo hata ikifungwa na malaika itashindwa.

Sasa bei. Ndiyo, tunatoza shilingi 25,000 kufunga, na ndiyo, mlango wa tatu wanafunga kwa 5,000. Yetu ina kusafisha, pesti yenye jina, kutoa mazabodi pale inapobidi, na nusu saa ya mashine kwenye mzigo mbele yako, namba ukiziona mwenyewe. Tuliyoifunga sisi ikichemka, tunaifungua tena bure. Uliyoifunga mwenyewe tutaikagua kwanza kabla ya kuzungumzia kubadilisha. Uje na kompyuta, si hitisinki peke yake, pamoja na boksi lote na vile vyuma vidogo ulivyoona havina kazi.