Jirani wa ghorofa naye asikilizwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie haki ya kusikilizwa pale mgogoro wa urefu wa jengo unapofikishwa Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio, jambo linalotugusa sisi wakazi wa Jiji la Mbeya kadiri maghorofa yanavyoongezeka katika mitaa iliyozoea nyumba za chini.

Wengi hudhani kuwa katika shauri la namna hiyo jaji ataamua kama jengo liwe na ghorofa tatu au sita. Sivyo. Jaji huangalia namna uamuzi ulivyofikiwa: kama walioutoa walikuwa na mamlaka, kama walifuata sheria, na kama walimsikiliza aliyeathiriwa nao. Msingi wa sharti hilo la mwisho ni Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na watu wa Mbeya tunapaswa kulishika zaidi, kwa sababu ni katika rufaa iliyotoka huku, Rufaa ya Madai Na. 45 ya mwaka 2000, ambapo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya asili, yaani mtu kutohukumiwa bila kusikilizwa, katika nchi hii si kanuni tu ya sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, bali ni haki ya msingi ya kikatiba.

Mwenye jengo amelindwa tangu zamani. Mwaka 1863 mahakama ya Uingereza ilimpa haki mjenzi wa Wandsworth, London, ambaye nyumba yake ilibomolewa na bodi ya eneo hilo kwa madai kwamba hakutoa taarifa ya siku saba kabla ya kujenga. Bodi ilikuwa na mamlaka ya kubomoa, lakini haikumwita ajieleze kwanza. Ndivyo inavyopaswa kuwa hata leo kwa mtu anayeamka na kukuta ukuta wake umepigwa X nyekundu.

Jirani, kwa upande wake, hana ulinzi wa namna hiyo. Kanuni za mwaka 2014 zinazoongoza maombi ya mapitio mahakamani zinamtaka mwombaji aombe ruhusa ya kufungua maombi ya mapitio ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Sasa, jirani ataujuaje uamuzi ambao hakuna aliyemwambia? Mtaani kwetu tulitambua kwamba jengo la jirani limeruhusiwa kufika ghorofa tano siku zege la ghorofa ya tatu lilipomwagwa, na kibali kilikuwa kimetolewa zaidi ya miezi minane kabla. Baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya kila mtu anaijua. Nyumba iliyokuwa ikipata jua tangu asubuhi sasa hulipata saa saba mchana, na mahindi hayakauki tena uani. Mwenye malalamiko kama hayo hulazimika kwanza kuomba aongezewe muda, na huko hujieleza kuhusu kuchelewa kabla hajaulizwa lolote kuhusu jengo. Kwa maoni yangu huo ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia.

Sisemi halmashauri ifunge mikono penye hatari. Sote tunalikumbuka ghorofa lililoporomoka Dar es Salaam Machi 2013 na kuua watu zaidi ya thelathini. Penye nyufa, ujenzi usimamishwe siku hiyo hiyo, kisha mhusika asikilizwe ndani ya siku chache, kabla ya nyundo kuanza kazi. Vilevile majirani wanapoishtaki halmashauri peke yake, wamuunganishe na mwenye jengo, kwa kuwa kumfutia mtu kibali katika shauri asilokuwemo ni kosa lile lile tunalolilalamikia.

Ninaloomba ni mambo mawili. Kibao cha ujenzi, ambacho tayari hutaja mwenye mradi na mkandarasi, kitaje pia idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa na tarehe ya kibali, kwa Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama zetu. Na wenye mamlaka ya kurekebisha Kanuni za mwaka 2014 waandike kwamba, kwa jirani ambaye hakupewa taarifa, miezi sita ianze kuhesabiwa siku kibao hicho kiliposimikwa.

Mkazi wa Soweto,
Mbeya