Risala ya wahitimu wa kidato cha nne Tabora: kura tumeikosa, maswali tunayo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mzee wetu, shikamoo. Mkuu wa shule, walimu wetu, mwenyekiti wa bodi, wazazi mlioacha mashamba huko mkaja, na wadogo zetu wa kidato cha tatu ambao mmekesha jikoni, wote tunawasalimu mwangaluka. Najua mwangaluka ni ya asubuhi na sa hivi ni saa nane mchana, ila risala hii iliandikwa isomwe saa nne kwaiyo naomba mpokee salamu kama ilivyoandikwa.

Mgeni rasmi, kwa kawaida risala ya mahafali inaanza na historia ya shule, inakuja mafanikio, halafu changamoto, tunaomba uzio, tunaomba kompyuta, wewe unaahidi, tunapiga makofi, tunaenda kula. Mwaka huu wahitimu tulikaa chini ya mwembe tukasema hapana, tunamaliza shule mwezi wa uchaguzi na huwezi kumsomea risala mkaguzi mstaafu wa shule ukajifanya husikii spika za kampeni zinazopita hapo barabarani. Mwalimu aliepitia risala alinambia nisitaje chama chochote. Sitaji. Mistari minne nayo aliikata na kalamu nyekundu, tumekubali, ilikuwa mikali kweli.

Mimi ninaesoma hapa nimezaliwa Desemba 2007. Uchaguzi ni jumatano tarehe 29 mwezi huu wa kumi 2025, mi natimiza 18 mwezi wa kumi na mbili, yaani kura imenipita kwa wiki tano na siku kadhaa. Wenzangu wengi hapa ni hivo hivo, wachache ndo wana kadi na wanaringa nazo. Kura yangu ya kwanza ya rais Mungu akipenda ni 2030 nikiwa na miaka 22, na mpaka hapo hii sera ya elimu inayonadiwa majukwaani itakuwa imeshanifanya ilichonifanya.

Kuna kitu babu yangu alinikumbusha juu ya hili. Hapa hapa Tabora, Januari 1958, TANU walifanya mkutano mkuu wakabishana kama waingie kwenye uchaguzi wa kura tatu au wasusie. Ule uchaguzi ulikuwa wa ajabu, mpiga kura mmoja anatakiwa achague watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na sio kila mtu anapiga, uwe na miaka 21 na uwe umefika darasa la nane, au una pato la pauni 150 kwa mwaka, au una kazi ya cheo fulani. Mwalimu Nyerere, ambae alikuwa amesoma na kufundisha mji huu huu, akawashawishi waingie hivo hivo, Zuberi Mtemvu akakasirika akatoka akaanzisha chama chake. Baba yake babu alikuwa mrina asali, darasa la nane hana, pauni 150 hata kuziona hajawahi, kwaiyo mkutano uliofanyika mlangoni kwake ulikuwa unazungumzia kura ambayo yeye hana. Leo sharti la shule limeondoka limebaki la umri, ndo hilo limenidaka mimi. Babu anacheka anasema ukoo wetu na kura za mwanzo hatuna bahati.

Sasa mgeni rasmi twende kwenye elimu yenyewe, maana ndo tumeisoma kwa mwili.

Mi niliingia darasa la kwanza Januari 2015. Mwaka ule ule ukawa wa uchaguzi, Edward Lowassa upande wa upinzani anasema vipaumbele vyake ni elimu, elimu, elimu, upande wa pili John Magufuli anaahidi elimu bila malipo mpaka kidato cha nne, akashinda, na Januari 2016 waraka namba 5 wa 2015 ukaanza kufanya kazi. Mi niko la pili. Nakumbuka darasa la kwanza walioingia nyuma yetu walikuwa wengi mpaka wengine wanasomea nje kwenye kivuli, na kivuli kikihama na wao wanahama na mwalimu anahamisha ubao. Kaka yangu alikuwa sekondari ya kutwa, ada yake ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka ikafutwa, mama akanunua bati na hizo hela. Bati mbili ziko mpaka leo kwenye nyumba yetu, na mtu akinambia elimu bila malipo ni siasa tu huwa namuonesha bati.

Nikiwa la sita ikaja korona, shule zikafungwa Machi 2020, tukarudi mwisho wa Juni, na Oktoba ukawa uchaguzi mwingine. La saba nilimaliza 2021 na Novemba ile serikali ikatangaza wanafunzi waliokatisha masomo wakiwemo waliopata ujauzito waruhusiwe kurudi. Hili wanafunzi hatulisomi kama sera. Yupo mwenzetu alikuwa kidato cha mbele yetu, akatoka, akajifungua, akarudi, na leo anavaa joho na sisi, amekaa mstari wa tatu, mwanae yuko na bibi yake hapo kwenye turubai anakula karanga. Naomba tumpigie makofi, na wale waliokuwa wanamcheka kidato cha tatu na wao wapige.

Halafu 2022 tukiwa kidato cha kwanza ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kwaiyo ukituangalia vizuri mgeni rasmi sisi ni watoto wa ahadi za uchaguzi kabisa, kila tukifika mlangoni tunakuta mtu ameshaufungua. Tunashukuru na hatusemi kwa kejeli.

Na sio Tanzania peke yake. Klabu yetu ya historia tulilifuatilia hili. Malawi, Bakili Muluzi alishinda 1994 na mwaka huo huo elimu ya msingi ikawa bure. Uganda, Yoweri Museveni aliahidi kwenye kampeni za 1996, mwaka 1997 ikaanza, mwanzoni watoto wanne kwa kila familia. Kenya, Mwai Kibaki alishinda Desemba 2002, Januari 2003 watoto wakajaa shule na mwaka uliofuata mzee Maruge wa miaka 84 akajiandikisha la kwanza. Ghana, Nana Akufo-Addo alishinda 2016, Septemba 2017 sekondari ya juu ikawa bure, na 2018 nafasi zikawa hazitoshi ikabidi baadhi ya shule wanafunzi waingie kwa zamu, kundi moja shuleni jingine nyumbani. Ukipanga hizo nchi kwenye mstari unaona kitu kimoja, ada inafutwa haraka sana. Mtu anaapishwa, anasaini waraka, Januari mlango uko wazi. Inaingia kwenye miaka mitano bila shida na mgombea akirudi anasema nilisema nikafanya, na ni kweli amefanya.

Lakini mwalimu wa fizikia hasainiwi. Huyo asome kidato cha nne apende fizikia, yaani awe amefundishwa na mtu aliemfanya aipende, aende cha tano na sita, aende chuo miaka mitatu, aajiriwe, apangiwe shule kama hii yetu na akubali kukaa. Hiyo ni miaka inayozidi muhula wa mtu yoyote. Ndo maana sijasikia mgombea anashangiliwa kwa kutaja walimu wa fizikia, spika zinapita zinasema madarasa, mabweni, maabara, na maabara tunayo kweli, ina meza za vigae zinang'aa, shida ni kwamba mpaka katikati ya kidato cha tatu hatukuwa na mtu wa kuingia nae humo ndani, funguo ilikaa kwa mwalimu wa Kiswahili.

Babu yangu analijua hili kuliko klabu yetu. Yeye ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilisema ikifika 1977 watoto wote wawe shule, watoto wakaja, walimu hawapo, wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba kina babu, asubuhi anafundisha, jioni anafundishwa yeye. Watu walikuwa wanawatania UPE ni Ualimu Pasipo Elimu na babu mpaka leo ukilitaja neno hilo anaacha kula. Anasema tulifundisha nchi nzima kusoma kwa maarifa ya la saba, tulipokosea tulikosea mbele ya watoto na hakuna aliekuja kuturekebisha isipokuwa mkaguzi, na mkaguzi alikuja na pikipiki mara moja kwa mwaka. Mgeni rasmi inawezekana ni wewe.

Halafu kuna lugha. Hili nalisema kwa kifupi maana nikianza sitamaliza. La saba nilikuwa najua usanisinuru, naijua mpaka naota, nanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza swali. Kidato cha kwanza ikaitwa fotosinthesisi na mi nikashusha mkono mwaka mzima. Mmea ulikuwa ni ule ule. Kila uchaguzi unapita na hili swali linaachwa pale pale.

Sasa mapema mwaka huu Rais alizindua Dodoma ile Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Tumeisoma, sio yote. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, msingi sita na sekondari minne, la saba inaondoka, na kuna mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, ambao ulianza na kidato cha kwanza cha 2024 kwenye shule baadhi. Mi naipenda, sijui wenzangu, nimeona watu wengi mno wanafeli jometri wakati wanajua kupima mbao kwa macho. Ila kuna hesabu moja tuliipiga tukanyamaza. Mdogo wangu yuko la nne, huyu ni wa mtaala mpya, atamalizia la sita 2027. Binamu yangu yuko la tano, ni wa mtaala wa zamani, atamaliza la saba 2027. Wanalala kitanda kimoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza siku moja, wao na wenzao wa nchi nzima, madarasa mawili kwa mpigo.

Kwaiyo yoyote atakaeshinda tarehe 29, hiyo Januari 2028 ni yake, iko katikati kabisa ya miaka yake mitano. Madarasa yatajengwa, hilo sina wasiwasi nalo, sisi tunajua kujenga madarasa, wazazi mlishabeba mawe na mchanga mara ngapi. Swali tulilokuwa tunataka kuliuliza kwenye mikutano ya kampeni, tukaogopa maana tuko na sare za shule, ni nani atasimama mbele ya hao watoto, na mbona hatumuoni akiandaliwa sasa hivi.

Na hapa mgeni rasmi ndo pananiuma, maana walimu wapo. Mwaka jana mwezi wa nane nilipanda bodaboda kutoka stesheni, nina daftari la hesabu mkononi, dereva akaliangalia kwenye kioo akanambia hiyo trigonometri umekosea mstari wa tatu. Nikajua ananichokoza. Akapaki pembeni, akachukua kijiti akachora pembetatu chini kwenye vumbi, dakika kumi nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nimekikariri miezi miwili. Ana digrii ya ualimu, hesabu na fizikia, alimaliza 2019, ameomba kila ajira zinapotangazwa, kila safari jina halipo. Tukamwambia mkuu wa shule, mkuu hakusita, wazazi mkakubaliana kuchanga shilingi 2,000 kila mwezi anaeweza, na huyo kaka dereva akawa anakuja kutufundisha jumamosi na jumapili baada ya ibada. Elimu ni bila malipo ila hii 2,000 hakuna mzazi aliegombana nayo, hata mama yangu ambae ana maneno. Ile funguo ya maabara ikatoka kwa mwalimu wa Kiswahili. Tulipofanya majaribio ya umeme kwa mara ya kwanza balbu ikawaka, kuna mtu alipiga vigelegele, sitamtaja, ni mimi.

Mwezi uliopita kaka amepata abiria wengi sana kwa ajili ya kampeni, mafuta ya bure, misafara, hela iko huko, akatukosesha jumamosi mbili. Hatukumlaumu, ana mtoto.

Mgeni rasmi, hatuombi uzio. Ng'ombe wakipita tutawafukuza kama siku zote. Ombi letu ni moja, wewe unawajua wakubwa wa elimu mkoa huu na wengine ulikuwa bosi wao, waulize kama kuna utaratibu wa shule kumlipa mtu kama huyu kihalali, kwa mkataba hata wa mwaka mmoja mmoja, ili mtihani ukiisha na sisi tukiondoka, wadogo zetu wa kidato cha tatu wasirudi kwenye ile funguo. Na kama utaratibu haupo basi utuambie haupo, tujue cha kuwauliza wagombea wa 2030, kadi tutakuwa nazo.

Kaka mwenyewe yuko hapa, amekaa kule nyuma karibu na jenereta, shati la bluu, helmeti iko mapajani. Ana abiria wa kumuwahisha stesheni saa kumi. Kwaiyo mgeni rasmi kwa heshima zote tunaomba uongee nae kabla ya kukata keki, hiyo keki inaweza kusubiri. Asali na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, tulivyokuandalia viko kwenye kikapu hapo mezani, asali ni ya miombo ya Sikonge, babu ndo kaileta.

Naomba kuwasilisha.