Vitabu vitatu vya kwenye begi la Mwanaidi

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, hofu ni kwenu tu huko Muscat na hilo joto. Mama mguu umepata nafuu, sasa anajikongoja mpaka kwa Bi Asha na kurudi, na anakusalimu sana.

Nakuandikia mbio mbio. Mwanaidi anasafiri Alhamisi ijayo na amenipa nafasi ya vitabu vitatu tu. Vitatu! Mimi nilishapanga saba mezani. Na lile neno lako la kwenye simu, "nichagulie wewe, mimi nasoma watoto wakishalala," nimetembea nalo wiki nzima. Mtu mwenye nusu saa kwa siku huwezi kumpa kitabu cha kubahatisha.

Mwenyewe unajua natoka Kimara alfajiri. Nikiwahi basi la mwendokasi napata kiti, na nikipata kiti nina kama dakika 40 za kusoma mpaka Kivukoni. Jioni narudi nimesimama, nimebanwa, kitabu hakifunguki. Kitabu cha kurasa 300 kinanichukua wiki tatu. Siku moja nikapiga hesabu: kwa mwaka havifiki 20. Zuhura, nilishtuka. Tangu siku hiyo kuchagua kitabu kwangu si jambo dogo.

Zamani nilikuwa nafuata sifa. Mwandishi wetu Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 nami nikataka kumsoma, na mwaka uliofuata ikatoka Peponi, riwaya yake Paradise iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Nilinunua kwa ajili ya ile tuzo, sikufichi. Lakini aliyeniteka ni Yusuf, mtoto anayetolewa kwao kwa deni la baba yake, anaishia kufuata msafara wa tajiri Aziz kwenda bara. Nikawa nashuka kituoni na swali: hao wenye misafara, wao wenyewe walijionaje?

Swali hilo ndilo lililonifikisha kwa yule mzee wa vitabu vya mtumba, mtaa wa Samora. Akachomoa chini kabisa ya rundo maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Kwa sifa tu nisingekigusa. Kwa vile nilikuwa na swali langu, nilikimaliza kwa wiki moja, na jioni nilikisoma nimesimama, mkono mmoja bombani. Pembe za ndovu anazitaja kwa frasila, kile kipimo cha uzito cha zamani, vita anavisimulia kama safari ya kawaida. Nilimtafuta humo mtoto kama Yusuf aniambie la kwake, sikumwona. Hilo bado linaniuma.

Basi siku hizi nakiacha kitabu nilichokimaliza kinichagulie kinachofuata. Kikiniachia swali, nalifuata. Na nikifika ukurasa wa 50 bado najilazimisha, nakirudisha nilikokitoa. Shemeji anasema kuacha kitabu njiani ni kumkosea mwandishi. Nimemwambia dakika 40 zangu nazo zina haki yake, tukaishia hapo, chai ikapoa.

Sasa turudi kwenye vitatu vyako. Cha kwanza Peponi, hilo nimeshaamua. Cha pili Tippu Tip, nakala yangu hiyo hiyo ya uzi mweusi, kwa hiyo naomba irudi salama. Visome kwa kufuatana, tafadhali, usikianze hicho cha pili kwanza. Cha tatu ndicho kinachoninyima usingizi. Mkono unakwenda kwa Kezilahabi, yule mwandishi wa riwaya, halafu nakumbuka shule tulimsomea mtihani, na sijui kama tulimsoma kweli. Labda ndiyo sababu ya kumpeleka. Au nisubiri Peponi ikuachie swali la kwako, maana lako huenda si langu...

Hebu niambie: huko usiku unapata muda kiasi gani hasa? Usingizi haukuchukui ukurasa wa pili? Kipi cha mwisho ulikimaliza, na kilikuachia nini kichwani? Unataka cha kukuliza au umechoka na machozi? Na Salma ameanza kusoma Kiswahili, au nimtilie na yeye kitu chembamba pembeni mwa begi?

Nijibu kabla ya Jumatano. Mwanaidi anafunga begi usiku huo.

Wako,
Rehema